Kwanza Injini Ipoe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema "tafadhali usijaribu kufanya nyumbani" mpaka mate yamekauka. Maneno yenyewe yako kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kompyuta, na Meneja hupita nyuma yetu kuhakikisha tunayasema yote, pamoja na "tafadhali". Kazi yangu ni simu, kwenye karakana ya kampuni ya magari. Mteja anapiga, gari limefikia muda wa kubadilishiwa maji ya rejeta. Namtajia bei yetu. Nasubiri. Wengine hukohoa. Kisha namwambia nafasi iliyo karibu ni baada ya wiki tatu. Hata mke wa Meneja amepiga leo, nimempa wiki tatu. Akakata.

Jioni narudi na gari langu — mshale wa joto ukapanda. Si sana. Gari ni la kampuni hiyo hiyo, ila la zamani, aliniachia kaka alipohama. Nikamweleza mume wangu. Akauliza bei ya pale kazini. Nikamtajia.

Akakohoa.

Kisha akauliza, wafanyakazi hawapunguziwi? Wanapunguziwa, wakishathibitishwa kazini. Mimi nathibitishwa mwisho wa mwezi, Mungu akipenda na Meneja akiamka vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu amesema tutabadilisha wenyewe. Yuko nyumbani tangu kiwanda chao kifungwe, na tangu hapo mipango imekuwa mingi. Tutapaka rangi choo. Tutarekebisha kabati. Choo nilipaka mimi.

Simlaumu. Ila tunakula mshahara wangu, sote wawili, na huo mshahara bado uko kwenye majaribio. Usingizi wangu mwezi huu ni wa kuku.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja mmoja leo kanimaliza. Anaoka keki za harusi — nimempa jina Mama Keki. Gari lake linachemsha. Jumamosi ya wiki ijayo anapeleka keki ya ghorofa nne. Nikamsomea wiki tatu. Akasema mwanangu, bibi harusi hawezi kusubiri wiki tatu, na siagi haiwezi kusubiri hata saa moja kwenye jua. Nikamsomea karatasi. Akasikiliza yote, kwa adabu, kisha akauliza:

"Wewe lako ungefanyaje?"

Simu zetu zinarekodiwa. Nikamwambia tunathamini maoni yake.

Nilijiona mjinga mpaka saa ya kutoka.

Jumamosi, 8 Machi

Tumebadilisha. Nimebadilisha.

Nilianza na kitabu cha gari, kilikuwa kwenye droo ya mbele chini ya risiti za kaka. Kinasema kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, iwe nyekundu. Muuza vipuri akanipa ya kijani, akasema yote ni maji tu. Nikamwambia basi aninywee kidogo nimwone. Akaleta nyekundu.

Kitabu kinasema pia, kwa herufi nene, kwanza injini ipoe. Mume wangu akaja na kitambaa, anataka kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo, na gari limetoka dukani linafukuta. Nilimchapa mkono. Akaenda kukaa barazani, kanuna, na kitambaa chake.

Lilipopoa, beseni la kufulia chini, plaizi mkononi, nikafungua kizibo cha chini ya rejeta. Nilidhani maji yatashuka kwenye beseni. Wapi! Yalifuata chuma, yakageuka kona, yakaingia kwenye mkono wa blauzi yangu mpaka kwapani. Rangi ya chai iliyochacha, na kutu ndani yake. Nikasuuza kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Kisha kizibo, kisha kulanti na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, nusu kwa nusu, kwa chupa niliyokata kitako ikawa faneli.

Kazi ni hewa. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka vile vile, na utakuwa umejisumbua bure. Kwa hiyo unaacha kifuniko wazi, unawasha injini, unafungulia hita mpaka mwisho. Ya moto. Adhuhuri. Na lazima mtu akae ndani kutazama mshale. Hatimaye mume wangu akapata kazi. Alikaa humo, mikono kwenye usukani, jasho linamtiririka, hajasogea. Jirani wa ghorofa ya juu akachungulia, akauliza amefanya kosa gani.

Mapovu yalitoka. Nikaongeza. Yakatoka tena. Nikaongeza. Yakaisha.

Paka wa jirani alikuja kwenye beseni. Yale maji yananukia utamu lakini ni sumu, kitabu kimesema. Nikamfukuza, nikayamimina kwenye dumu, nikafunga, nikaandika SUMU. Beseni sitalitumia kufulia tena. Hilo sikulipigia hesabu.

Jumapili, 9 Machi

Tumezunguka mjini, tukapanda na mlima wa hospitali. Mshale katikati. Haujatikisika.

Mume wangu kamwambia jirani, tulihangaika lakini tumeweza. Nikamwachia. Nina furaha ya kijinga leo, nimeenda kulitazama gari mara kadhaa limesimama tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelipeleka dumu kazini, kwenye pipa la maji machafu ya karakana. Fundi mkuu akalisoma, akanitazama, akalimimina. Hakuuliza. Ndiyo huduma pekee niliyowahi kupata kwao, na ilikuwa bure.

Siku nzima nimesoma karatasi. Usijaribu nyumbani. Kucha zangu zilikuwa bado na kutu.

Jumatano, 12 Machi

Mama Keki kapiga tena. Hakugomba. Ameuliza tu kama kuna mtu ameahirisha, apate upenyo. Hakuna. Akasema sawa mwanangu, nitaliendesha hivyo hivyo, nitasimama njiani kila likichemka.

Basi nikamwona akilini anavyofungua kile kifuniko njiani, kimoto, kwa kitambaa, akiwa na gauni lake la harusini. Maneno yakanitoka.

"Mama, asubuhi kunakuwa na maji chini ya gari?"

"Hapana. Pakavu."

"Likipoa kabisa, fungua kifuniko utazame rangi ya maji."

Limelala tangu jana, akasema, na simu anayo mkononi. Akatoka nje. Namsikia kandambili. Akasema rangi ni ya kutu. Na hapo nikamwambia yote. Kwanza injini ipoe. Beseni, lakini si lile unalolipenda. Vaa mikono mifupi. Rangi inayotajwa na kitabu chake, si ya muuza duka. Nusu na maji ya betri. Hita. Hapo alicheka sana, akasema ana mkwe anayestahili kuwekwa humo. Paka. Dumu. Na likichemka tena baada ya hapo, asilipeleke mbali, amwite fundi.

Katikati ya kizibo, Meneja akapita nyuma yangu. Nikapaza sauti: na tafadhali usijaribu kufanya nyumbani, mama.

"Sasa nikaze au nisikaze?"

"Kaza, mama."

Simu ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kupokea. Imerekodiwa yote. Sijui nimeingiwa na nini. Mume wangu sijamwambia.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna lililotokea. Kila Meneja akikohoa nageuka kumtazama. Nimejaribu kuomba radhi moyoni, sikujua naomba kwa lipi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ndiyo siku ya keki. Nimeshinda nikitazama saa. Mume wangu akauliza nina nini, nikamwambia. Akaacha kutafuna. Nilijua atauliza tutakula nini. Akauliza, keki imefika?

Jumatatu, 17 Machi

Keki imefika. Huku!

Asubuhi kijana wa pikipiki kashusha boksi mapokezi. Kutoka kwa Mama Keki, kwa idara ya simu, kwa moyo mkunjufu. Tukafungua watu wote tumezunguka. Keki nyeupe, gari jekundu juu yake, na maandishi ya sukari, mazuri, mtu katulia akayaandika: ASANTE BINTI WA SIMU. KWANZA INJINI IPOE. GARI HALIKUCHEMKA.

Watu wakapiga makofi. Meneja akakata kipande. Akakila huku anasoma. Akasoma tena. Akauliza, kwa upole, binti wa simu ni nani, na injini ipoe kwa nini.

Nimekwisha.

Naandika hapa kwenye kiti, nje ya ofisi yake. Shajara ilikuwa kwenye mkoba, na mikono inataka kitu cha kushika. Nilisema ni mimi, ameniambia ningoje. Ukuta ni wa kioo, namwona. Amewasha rekodi. Najisikia mwenyewe huko ndani — sauti yangu nyembamba hivyo? "Beseni, mama, lakini si lile unalolipenda." Hacheki. Huyu mtu hacheki hata harusini.

Nafikiria choo nilichopaka rangi, na kodi, na mume wangu barazani na kitambaa. Naogopa. Lakini akiniuliza nitamwambia ukweli, kwamba kesho Mama Keki akipiga tena nitamwambia hivyo hivyo.

Amechukua karatasi. Anaandika. Basi ndiyo barua yangu. Mkataba unavunjwa kwa mkono siku hizi?

Amesimamisha rekodi. Ameirudisha nyuma. "Nusu na maji ya betri." Anaandika. Ameirudisha tena. "Nusu na maji ya betri."

Simu yake inaita. Ameitazama, amepokea. Anasema ndiyo, mke wangu. Anasema najua, wiki tatu. Anasema Jumamosi, hapo hapo nyumbani. Amekata.

Amerudisha pale pa hita. Ameandika, amepigia mstari.

Sasa amesimama. Karatasi ameikunja nne. Hakuitia kwenye bahasha, ameitia kwenye mfuko wa shati. Uso ni ule ule. Anakuja mlangoni, kitasa kinageuka.