Ukurasa Usio na Maneno

Jumanne, Mogitu

Na mama bado anaamini nilikuwa namlilia bibi.

Wiki iliyopita tulipomzika bibi sikudondosha hata chozi. Watu waliona. Leo nimemlilia bibi wa kuchorwa, wa Kijapani, kwenye kitabu cha katuni alichoniachia binamu yangu Neema.

Kukisoma kuanzia kulia, kama Wajapani wanavyosoma, nilizoea upesi, ila nilikuwa nasoma maneno tu na kufunua. Kabla hajaondoka Neema alinikemea: "Usikimbie, angalia picha." Basi leo nikafika ukurasa usio na neno hata moja: kigoda kitupu jikoni, sufuria juu ya moto uliozimika. Nikaelewa kwamba yule bibi amekufa. Nikalia kwa sauti.

Mama akaingia. Nikakikalia kitabu.

"Lia tu, mwanangu," akasema. "Nilianza kuogopa kwamba hukumpenda." Akanifunika shuka la bibi, lile ambalo mama alikataa kumpa shangazi baada ya mazishi.

Nikajifunika mpaka kichwani, kitabu bado chini yangu.

Shuka bado linanukia moshi wa jikoni kwake. Kigoda cha yule wa kuchorwa naweza kukieleza mpaka ufa wake. Cha bibi nimekaa karibu nacho tangu utoto, na sikumbuki kina miguu mingapi.