Wimbo wa Dada Yake Himid

Hounslow, London
9 Oktoba 1988

Kwa dada yangu mpenzi Ummukulthum,

Shikamoo dada, na mkono wako naubusu ijapokuwa ni kwa karatasi. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako ukumbini kwako Wete, goti limepoa, na wajukuu wamekwenda chuoni kusoma Kurani angalau upate kuisoma bila ya kuvutwa kanga. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Suad anakusalimu sana. Amepata kazi ofisini kwa mawakili huko Wembley, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ila nikimtajia jina lako tu husema "shikamoo shangazi" kwa sauti nzuri kabisa, kama kwamba umekaa naye jikoni. Kofia uliyonishonea imefika salama na imenienea. Ijumaa msikitini watu waliniuliza nimeipata wapi, nikajivuna kidogo.

Uliniuliza siku za mapumziko nashinda vipi tangu marehemu Mardhiya atutoke. Leo nitakueleza, na ukitaka kucheka, cheka. Nimejifunza kupiga filimbi. Si ile ya refa wa mpira. Ni filimbi nyembamba ya bati yenye matundu sita, ya Waayalandi, na nyimbo ninazozipiga ni zao.

Ilianza hivi. Nyumba yetu imegandana na ya mzee mmoja wa Kiayalandi, jina lake Francis, aliyekuwa fundi wa kupiga plasta, naye ni mgane kama mimi. Kila alasiri hupiga filimbi kubwa ya mbao, ile inayoshikwa kwa ubavu, na ukuta wetu ni mwembamba. Mimi nilikuwa zamu ya alfajiri kule uwanja wa ndege, napakia mizigo, kwa hivyo alasiri ndiyo saa yangu ya kulala. Siku moja nilichoka, nikavaa viatu nikaenda kumgongea, maneno makali nimeyapanga mdomoni. Akafungua mlango na filimbi yake mkononi, akaniomba radhi kabla sijamaliza. Alisema hakujua kama inasikika kwetu, kwani aliyekuwa akimwambia apunguze ni mkewe, na mkewe hayupo tena. Nikarudi nyumbani nimeshinda na nimeona haya.

Basi pakawa kimya. Dada, kimya kile kilinitesa kuliko zile kelele. Nililala chali natazama dari, nikasikia jokofu linanguruma, nikasikia nyumba yote ilivyo tupu. Wiki haikwisha, nikakaanga katlesi kwa ile njia yako, nikampelekea, nikamwambia tafadhali apige, hata nikiwa nimelala. Akasema, "Ingia basi, usisimame kwenye baridi."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuingia. Alinipa filimbi ya bati akanifundisha. Usidhani ni kupuliza tu. Wao hawagongi kila sauti kwa ulimi kama wapigaji wa bendi. Pumzi inapita moja kwa moja, na kidole ndicho kinachoruka upesi juu ya tundu na kuikata sauti, mpaka wimbo unakuwa kama unacheza wenyewe. Tena nyimbo zao hazina pahala pa kupumzika. Ukitaka kuvuta pumzi lazima uiache sauti moja ipite bila ya kuipiga, na ufundi wote ni kujua uiache ipi. Mwanzo nilikuwa naziacha zilizo muhimu, na Francis akikunja uso kama aliyeuma pilipili. Hana karatasi za muziki. Anapiga, ninasikiliza, ninarudia. Nikikosea anapiga tena, hachoki.

Jumapili mchana akawa ananichukua kwenye klabu yao karibu na kanisa, ambako wanakaa duara na kupiga pamoja: fidla, kinanda cha mkono, filimbi. Wao wanakunywa bia zao na mimi naletewa chai, kwa hivyo usiwe na wasiwasi juu ya nduguyo. Siku ya kwanza mama mmoja wa fidla aliniuliza nimetoka sehemu gani, nikamwambia kisiwani. Akauliza kisiwa kipi, kwani wengi mle ndani wametoka visiwani kwao. Nilipomwambia Pemba, akaniambia hakijui lakini atanisogezea kiti. Sijapata kukaribishwa vizuri hivyo katika nchi hii.

Filimbi ya Francis, ile ya mbao, ni nyeusi na nzito kwa ukubwa wake. Alinieleza kuwa mti wake unatoka Afrika, hajui wapi. Nikainusa, nikaipima mkononi, nikamwambia huu ni mpingo, unatoka bara kwetu. Alifurahi khasa. Siku hizi kila akiitoa kwenye sanduku lake husema "pingo," na mimi humwongezea ile "m" yake.

Sasa, dada, hili linakuhusu. Mwaka jana waliniambia nipige cha kwetu. Nikafikiri nyimbo zote, ukanijia ule uliokuwa ukiniimbia unapokuna nazi, mimi nimekaa nyuma ya mgongo wako nasubiri machicha. Nikaupiga polepole. Wakaukamata upesi, na walipourudia wote pamoja, sikuweza kuendelea, nikainama kama nafunga kamba ya kiatu. Wakauliza jina lake. Nikasema hauna jina, dada yangu ndiye aliyekuwa akiuimba. Basi kwao nyimbo nyingi huitwa kwa majina ya watu, na huu wakauita "Dada Yake Himid". Kila Jumapili kuna mtu anautaka. Watu wasiopata kukuona, katika mji huu wa mvua, wanakutaja na kupiga miguu chini. Ila wimbo wao hutaka sehemu mbili, na Francis aliniuliza ya pili iko wapi. Nikatafuta kichwani, sikuipata. Nilijua ipo, nilijua inapanda juu, lakini imenipotea.

Nimezungukazunguka, dada, na sasa nafika nilipotaka kufika.

Mwezi wa Juni, tuko kwenye duara, nilimwambia Francis filimbi yangu imeharibika, sauti za juu hazitoki, ni pumzi tupu. Akaichukua akapiga. Nikaona vidole vyake vinakwenda mbio, nikaona yule mama wa fidla anatikisa kichwa kwa raha, na mimi sisikii chochote pale juu. Nikatazama midomo ya watu. Kila mtu anasikia isipokuwa mimi. Francis alinirudishia filimbi. Akanipa ile yake ya mpingo, akaniambia jaribu hii. Sauti yake ni nene, inaanzia chini, na niliisikia yote. Nyengine niliisikia kwa taya na kwa vidole. Yeye siku ile alipiga ya bati. Tukarudi nyumbani kwa miguu, na mlangoni ndipo akanishika bega akanambia niende kwa daktari, nisifanye kiburi kama alivyofanya yeye na kifua chake.

Nilikwenda, Suad akanisindikiza. Ni masikio, dada. Miaka yote ile chini ya injini za ndege imeyala. Avtar, yule Kalasinga wa Nakuru ninayefanya naye kazi, aliniambia amekuwa akinipigia kelele muda mrefu akidhani nimemnunia. Daktari amesema sauti za juu ndizo zinazokwenda mwanzo, sauti za wanawake na za watoto, na nyengine zitafuata taratibu. Nimepewa vidude vya kuvaa, vinasaidia kidogo, zaidi sikio la kulia. Kilichokwenda hakirudi.

Ndiyo maana ulipopiga simu siku ya Idi nilikuwa nasema "ndiyo, ndiyo" tu. Najua uliumia. Suad aliniambia ulimuuliza kama mimi nimekuwa Mzungu. Wallahi sikusikia hata neno moja. Nilisikia mvumo tu, nikajua ni wewe, nikaogopa kukwambia. Nilikata simu nikaingia chooni nikalia, mtu mzima mimi.

Tangu yale mapinduzi nimekuwa nikisema nitakuja mwakani, mwakani. Kwanza nilikuwa naogopa watu, halafu nikaogopa maswali, halafu nikaogopa kuwakuta nisiowajua na kuwakosa niliowaacha. Khofu ile bado ninayo, sitakudanganya. Lakini sasa nimeona khofu nyengine iliyo kubwa kuliko hiyo, ya kukaa mbele yako siku moja nikauona mdomo wako unakwenda. Tiketi nimeshakata, mimi na Suad, tutakuja Desemba inshallah. Francis alikataa kabisa kuniazima ile ya mpingo mpaka alipojua naipeleka wapi. Kisha akaifunga mwenyewe katika soksi ya sufu. Nataka uniimbie ile sehemu ya pili, nimpelekee, maana amesema hataki kufa na wimbo nusu.

Nisalimie shemegi, wape watoto wote salamu zangu mmoja mmoja, na jirani zako wanaonikumbuka. Usihangaike kupika wala kupaka nyumba chokaa. Waambie watu wasiseme wote kwa pamoja. Na nikifika, dada yangu, kaa upande wangu wa kulia.

Nduguyo akupendaye,
Himid