Mfumo Unasema Ni Mimi

Malindi, Unguja
Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mikono yako naibusu kutoka huku mbali. Goti vipi? Ile dawa ya kuchua uliipata? Miye mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako ikilia huwekwa spika nyumba nzima ikasikiliza, na penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Nilikwambia wafadhili wameiletea jumuiya yetu mfumo wa kompyuta wa kulinda bajeti ya zahanati. Hata sabuni hainunuliwi mpaka miye niombe humo, kisha Mjomba Haji, ndugu yako, aidhinishe, maana yeye ndiye mkubwa wa ofisi. Fungu likiisha, mfumo hukataa. Kila mtu ana neno lake la siri. Mjomba akanambia nimwandikie langu, nisije nikaumwa kazi ikalala. Ningemkatalia vipi, mama? Mtu aliyenitafutia kazi na kunipa chumba, kumnyima ni kumwambia simwamini. Nikamwandikia. Kosa langu hilo, silikatai.

Wiki iliyopita wakunga walikuja kutaka glavu. Naomba, mfumo unakataa, ati fungu limekwisha. Limekwisha vipi na glavu hatujanunua? Nikafukua. Nikakuta limehamishiwa mafuta ya gari, ombi kwa jina langu, idhini ya Mjomba. Gari lenyewe lipo gereji, halina magurudumu mawili. Na tarehe ni siku ya hitma ya baba, nilipokuwa huko Wete napakua wali pamoja nawe. Mjomba hakuja siku ile, alisema kazi zimemzidi.

Nilipomuuliza hakuhamaki, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Jana kaja chumbani na halua, kakaa kwa upole, kanishauri Alhamisi mkaguzi wa wafadhili akija niseme nilibonyeza kwa kukosea. Ati mdogo husamehewa. Na wazazi wanaokuja kujifungua wanaambiwa waje na glavu zao! Nimeudhika, wallahi. Halua sikuionja.

Nshaamua. Nitamwambia mkaguzi yote, na neno la siri nililotoa pia. Kazi huenda ikanitoka, na chumba. Lakini jina la mwizi silibebi. Atauliza nani anajua kuwa siku ile nilikuwa Pemba, nami nitakutaja wewe. Barua hii anakuletea jirani yangu Bi Time, anarudi Jumatano. Jibu mpe yeye mkononi.

Nisalimie bibi, mzaa baba, na shangazi Mwanakombo, na dada Zuwena na mumewe. Wadogo zangu waambie wasome.

Nilitaka nifunge nisilitaje hili, nimeshindwa. Mjomba alipokuwa anatoka jana, alisimama mlangoni akasema: "Mama yako nshazungumza naye, kakubali."

Umekubali nini, mama?

Mwanao,
Maryam