Neno Nililowabandika Akina Mama wa Nyanungu

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie. Mimi ni muuguzi huku Nyanungu, Tarime, nasoma shahada kwa njia ya masafa, na utafiti wangu unahusu akina mama wanaochelewa kufika zahanati kujifungua, nimezunguka kwa miguu nyumba thelathini na moja nikiwahoji kwa Kikurya, lakini kuandika ni kwa Kiingereza na changu ni kile cha kwenye faili la mgonjwa, kwa hiyo kila neno rahisi nililitafutia kubwa kwenye kamusi ya simu ili nionekane msomi, na nilipotaka kusema walichelewa nikaweka “procrastinated”. Juzi msimamizi wangu, Dk. Lusekelo, akanipigia.

“Agustina, hawa akina mama ni wazembe?”

Nikasema hapana, mto ulikuwa umejaa.

“Mbona umeandika kwamba walijivuta kwa makusudi?”

Akaniuliza maana ya maneno mengine matatu niliyoyaandika mwenyewe, sikujua hata moja, akasema ana shaka kama kazi ni yangu, tarehe ishirini nijieleze mbele ya jopo la chuo, sasa Method tunayefanya naye kazi anasema ataniandikia upya yote mimi nikariri tu, na Robi, mmoja wa wale akina mama, alimpoteza mtoto akisubiri maji ya mto yapungue, nikikutana naye nashindwa kumtazama. Nikubali, au niache chuo?

Agustina, Nyanungu

Marahaba, Agustina. Pole, lakini nitakusema. Mgonjwa humpi dawa kwa kuwa tu dawa hiyo ina jina refu. Kwa nini maneno uliyachagua hivyo? Robi alikuamini na msiba wake, ukamwita mzembe kwa lugha asiyoijua. Anza kusahihisha hapo.

Method mkatalie leo. Akikuandikia, shaka ya msimamizi inakuwa kweli.

Halafu kaa na makala za wakunga na madaktari. Utakuta wenyewe wanaandika “delay”, yaani kuchelewa, neno fupi kabisa. Kila siku chukua maneno matano, nakili sentensi nzima, weka makala kando, utunge yako kuhusu jambo uliloliona kwa macho yako. Neno usiloweza kumweleza mama yako kwa Kikurya, lifute. Kwenye jopo nenda na madaftari ya mahojiano, yenye mwandiko wako.

Chuo huachi. Kesho, kabla ya kuingia zamu, mpigie Dk. Lusekelo, umwambie: “Utafiti ni wangu, maneno niliyaokota bila kuyajua.” Sauti itatetemeka. Sema hivyo hivyo.