Nyundo Niliyoigonga Mapema

Bi Clothilde mpendwa,

Kwa miaka mingi nimemficha mwanangu Lucien kwamba mimi, baba yake, ndiye niliyeiua sheria iliyompa kazi, na sasa napumua kwa mpira wa oksijeni na daktari ameacha kunidanganya, kwa hiyo naomba unishauri, kama unavyowashauri wasomaji wako, kabla sijaondoka. Unaikumbuka sheria ile: kampuni ya filamu ikija kupiga picha jimboni kwetu na kuajiri watu wetu, serikali inaipunguzia kodi. Lucien alikuwa seremala wao, akijenga nyumba nzima za kuchomwa moto mbele ya kamera, nami nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya bunge la jimbo siku ya kuamua kama sheria iongezewe muda. Sisi hupiga kura kwa sauti, mwenyekiti ndiye anayepima, na waliosema ndiyo walikuwa wengi, lakini niligonga nyundo nikatangaza wamekataa, nikaita hoja nyingine kabla mtu hajaomba tuhesabiwe.

Lawama ikamwangukia mjumbe mwenzangu, rafiki yangu Anatole, kwa kuwa alizoea kulalamika kwamba magari ya filamu yanaziba barabara ya kanisani. Aliapa alisema ndiyo, hakuna aliyemwamini. Ndiye baba wa ubatizo wa Lucien. Kila Jumatatu huniletea wali na maharage mekundu, na Lucien, aliyezifuata filamu jimbo jirani, akiwa amekuja kunitazama huinuka na sahani yake akatoka.

Juzi Anatole alimwambia, "We kijana, nilikubeba kanisani ukanikojolea suti, nikakusamehe siku hiyo hiyo!"

"Suti ulinunua nyingine, baba Anatole. Mimi kazi hapa sikupata nyingine."

Nikafumba macho kama niliyelala. Nilifanya vile kwa ajili ya shule, maana kodi tuliyosamehe ingelipa walimu. Je, niseme, au nife nao wabaki walivyo?

Evariste

*

Mzee Evariste,

Pole kwa maradhi, lakini usijifunike nayo. Mwenzako amebeba aibu yako na bado anakupikia, nawe unajifanya umelala! Jumatatu waketishe wote wawili, useme kwa mdomo wako kabla chakula hakijapakuliwa. Usimwachie padri aje kuwaambia ukishazikwa. Na anayetetea shule husimama akazitetea; hakimbilii hoja nyingine. Sababu yenyewe hujaniandikia. Itafute, maana Lucien ataiuliza.

*

Bi Clothilde,

Nimesema. Lucien aliuliza kwa nini, nami nikaanza habari za shule. Anatole akacheka kwa uchungu: "Evariste, mwaka uleule uliwanyima walimu nyongeza. Mwambie mtoto ukweli, bwana."

Nikamwambia. Duka la mbao la familia lilikuwa halina mtu wa kulirithi, na nilidhani filamu zikiondoka, mwanangu atarudi dukani kukaa nami.