Reli ya Ngazi ya Waridi

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Nimeanza kupiga picha makumbusho ya sanaa. Siku nne, kwa faili la ofisi ya hifadhi ya majengo. Kitakachoonekana pichani kitalindwa kisheria. Kisichoonekana hakitaruhusiwa kuongezwa tena.

Ukungu. Wageni hawaji Jumatatu. Nguzo ya bluu isiyogusa sakafu. Viti vya manjano vya miguu mitatu. Juu ya kimoja, mto wa Bi Kleinsorge, mlinzi wa ukumbi. Nilimwomba autoe.

"Aliyekibuni hakuwahi kukikalia," alisema. "Mimi nina miaka thelathini na moja hapa."

Jumanne, 7 Novemba

Ngazi ya rangi ya waridi. Vidato kumi na tisa, kila kimoja chembamba kuliko cha chini yake. Juu kabisa, ukuta mtupu. Utani wa msanifu. Watoto wa shule walipanda mbio, wakagusa ukuta, wakashuka mbio — wote wameshika reli ya pembeni. Ya chuma, ya kijivu, mbaya. Haimo kwenye mchoro wake wa awali, wa 1987.

Mkurugenzi, Daktari Ostertag, anataka ing'olewe kabla sijapiga.

"Ni kiraka tu, Bwana Lüders."

Bi Kleinsorge alikuwa nyuma yetu. "Kiraka hutiwa palipotoboka, Daktari."

Ostertag aliniambia fundi atakuja Alhamisi asubuhi.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepekua nakala za zamani za gazeti nililokuwa nikiliandikia. Machi 15, 1994: Gerd Kleinsorge, fundi umeme wa makumbusho, miaka 38, alianguka kutoka kidato cha kumi na saba akibadilisha taa. Alikufa papo hapo. Mistari sita. Mwandishi — mimi! Nilikuwa nimesahau. Nimeandika "ajali". Sikuandika kwamba ngazi haikuwa na reli. Iliwekwa wiki iliyofuata.

Mchana nilimkuta mjane wake, Bi Kleinsorge, akila mkate na soseji. Nikamwambia.

"Nimekujua tangu Jumatatu," alisema, bila kuacha kutafuna. "Mistari sita. Ninayo kabatini, pamoja na sahani."

Nilisema samahani. Akanipa kipande cha mkate. Nikala.

Alhamisi, 9 Novemba

Saa tatu asubuhi. Fundi ana spana. Boliti kumi na mbili, nane zimetoka. Kamera imeshasimamishwa. Watoto wengine wanaingia saa nne.

Bi Kleinsorge ameketi kidato cha kumi na saba, juu ya mto wake. Ameshika reli kwa mikono miwili.

Fundi: "Mama, shuka basi, nisije nikakuangusha."

"Wa kwanza naye hakuangushwa na mtu, mwanangu. Endelea."

Fundi ameweka spana chini. Anamtazama Ostertag. Ostertag ananitazama mimi.

"Bwana Lüders, usipige! Subiri ashuke."

Reli bado imesimama. Inayumba kidogo, lakini pichani haitaonekana kuyumba. Mwanga mzuri. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko kwenye kitufe.