Jina Ulilompa Paka

Kwako Nafula, mwanangu,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako, kwa sababu baba yako yuko mezani na gazeti lake la juzi, na sitaki anione nikiandika. Sijui barua hii itakufikia lini. Sijui kama itakufikia. Sikuifunga, ili yeyote atakayeishika aisome, na kama anakujua akupe. Nilikuwa na siri moja ya kulinda maishani mwangu, na leo naiandika humu, kila mtu aione.

Nianze na paka, kwa sababu wewe mwenyewe ungeanza na paka.

Ulikuwa na miaka tisa siku uliyoingia na paka wa kijivu kifuani, ukaniuliza paka hupewaje jina. Nilikuwa nachagua mchele. Nikakwambia kwetu Bungoma jina la mtoto halitafutwi mbali, unaangalia tu kulikuwa na nini alipokuja. Wewe ulikuja mvua ikinyesha, basi ukawa Nafula. Ukafikiri kidogo. Paka yule alikuwa amekufuata kutoka dukani, tulikopanga mstari tangu asubuhi kungoja unga wa manjano. Ukasema, basi huyu ni Foleni. Baba yako, ambaye huwaita paka wote Wewe, alicheka hadi akakohoa.

Baada ya Foleni akaja Stima, aliyeingia wiki ile tuliyokaa gizani kwa sababu transfoma ya mtaa wetu wa Tena iliungua. Kisha Kura, aliyezaliwa nyuma ya tangi la maji wakati wa uchaguzi. Ulisimama uani ukimwita kwa sauti hadi jirani yetu Mama Zuhura akaja kuniambia kwa upole kwamba jina lile litatuletea maneno, ploti yetu ina wapangaji wa kila upande. Ulikataa kulibadilisha. Ulisema jina likishatolewa limetolewa. Mama Zuhura, ambaye paka ni watu wake, akasema basi tumwite Kula, yeye hatajua tofauti. Na kweli hakujua, alikuja kwa majina yote mawili.

Watoto wa ploti wakaanza kukuletea paka wao kama watu wanaokwenda kwa chifu kuandikisha mtoto. Uliwakalisha kwenye kizingiti, ukawahoji. Alikuja siku gani? Nyumbani mlikuwa mnapika nini? Kuna mtoto alitaka wake aitwe Simba, nikakusikia ukimwambia, "Simba ni jina ya kila paka. Huyu wako alikuja aje?" Nilikuwa nafua, nikainamisha kichwa nisicheke. Nilijiambia nina mtoto mwenye akili. Nilipaswa kukwambia wewe.

Halafu akaja ndugu yako. Ulijua tulivyomngoja. Ulijua zile mimba mbili zilizoharibika, ingawa hakuna aliyekueleza. Alizaliwa Januari, jua limekausha hata mafuta mgongoni mwa mijusi, na kabla baba yako hajafungua mdomo wewe ukasema, huyu ni Simiyu, amekuja na kiangazi. Ulimbeba mgongoni hadi majirani wakawa wanauliza kama ni mtoto wangu au wako.

Sasa nimefika mahali ambapo nimepakwepa kwa miaka minne.

Asubuhi ile ya Agosti shule zilikuwa zimefungwa na baridi ilikuwa kali. Nilimnyonyesha Simiyu kabla ya kutoka, akaacha titi mara mbili. Nikaweka sikio kifuani pake. Kilikuwa kinakoroma. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Nilisikia, Nafula. Nimezaa, nimelea wa ndugu zangu, najua mafua na najua kichomi. Nikamfunga blanketi, nikakwambia ana mafua tu, umpe maji ya uvuguvugu. Nikaenda kwenye kibanda changu cha mitumba soko la Gikomba, kwa sababu siku hiyo robota jipya la nguo za watoto lilikuwa linafunguliwa, na anayechelewa huokota makapi.

Saa sita ulimfunga mgongoni ukakimbia kwa Mama Zuhura. Mkaenda zahanati, mkatumwa hospitali. Niliporudi jioni na mzigo wangu kichwani, nilikuta mlango wetu wazi na wanawake wamekaa sakafuni. Ukanijia ukilia, mikono imenyooshwa. Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikakwambia, "Nilikuachia mtoto mzima."

Maneno matatu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.

Ulishusha mikono, ukaenda kukaa jikoni karibu na jiko lililozimika. Na kitu ambacho hakijaniacha nilale vizuri tangu siku hiyo ni hiki: asubuhi, nilipoweka sikio kifuani mwa mtoto, wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai. Uliniona. Ulijua kwamba nilijua. Ungeweza kusema wakati wowote, mbele ya baba yako, mbele ya shangazi zako waliokutazama kwa jicho la pembeni msiba mzima. Hukusema. Uliubeba uongo wangu kama ulivyokuwa umembeba mtoto, na mimi nikakuachia uubebe.

Tulipotoka Bungoma kumzika nilitoa amri kwamba jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba. Baba yako alinitazama, akatii. Nilichoma nguo za mtoto. Picha yake moja tuliyokuwa nayo niliigeuza, ikatazama ukuta. Nilisema ni kwa sababu ya uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini nilichoogopa hasa ni kwamba tukianza kumzungumzia, siku moja mmoja wetu angefika kwenye asubuhi ile.

Miezi mitano ikapita hivyo. Ikaja Januari, jua kali, mabomba makavu, na paka mwembamba wa rangi ya vumbi akaanza kulala chini ya sinki letu la uani. Niliona ukimpa maji kwa kifuniko cha sufuria. Nilifurahi hata, kwa sababu ulikuwa hujacheza na paka yeyote tangu msiba.

Siku hiyo nilikuwa ndani nakunja nguo. Nikasikia sauti yako uani, ya kawaida kabisa, ikisema, "Simiyu, njoo ule."

Nitakwambia nilichofanya kabla ya kile ulichokiona. Nilitupa nguo nikakimbia. Nilikimbia nimefungua mikono, Nafula. Kwa hatua zile nne kutoka kitandani hadi mlangoni nilikuwa na mwanangu. Nilipofika nikamkuta paka anakula omena, na wewe umechuchumaa unamtazama, na ndipo nilipokupiga. Nilikupiga kwa kiatu cha baba yako hadi Mama Zuhura akaja kukishika.

Ulikuwa umekaa chini, mdomo unavuja damu. Ukasema, "Alikuja na kiangazi, mama. Na nilitaka jina lake liitwe na mtu." Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtoto anayejibu swali la mwalimu.

Kesho yake alfajiri nilimtia paka kwenye gunia, nikaenda naye sokoni, nikamwachilia kule wanakouza samaki. Nilijiambia hatakufa njaa. Ulipoamka ulizunguka ploti yote, ukatoka hadi barabarani. Jioni uliniuliza yuko wapi, nikakwambia paka hana kwao, ameenda zake. Tangu siku hiyo ulinijibu nilipokuuliza, ulifanya kazi nilizokutuma, na hukunianzishia neno hata moja kwa miaka miwili na zaidi.

Kuna jambo hukuwahi kulijua. Baada ya siku tatu nilirudi kule kwa wauza samaki kumtafuta. Nilienda wiki mbili nzima, kila siku kabla ya kufungua kibanda changu. Nilizunguka nikisema paka, paka, kwa sauti ya chini. Paka walikuwa wengi, hakuna aliyegeuka. Nilijua kwa nini. Yule alikuwa na jina lake, na mimi nilikuwa siwezi kulitamka.

Siku ya mwisho nililitamka. Nilisimama kati ya beseni za samaki nikaita, "Simiyu." Nikaita tena kwa nguvu. Mama mmoja muuza samaki akaacha kisu, akaniuliza, "Unatafuta mtoto?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaacha kazi yake, akanisaidia. Akawauliza wenzake kama wameona mtoto, ana umri gani, amevaa nini. Sikuweza kumwambia ukweli. Niliwaacha wakitafuta, nikaenda nyuma ya vibanda nikalia hadi nikatapika. Paka sikumpata. Nilipaswa kuja nyumbani jioni ile nikueleze yote haya. Nilikuja, nikakukuta unafanya hesabu za shule, nikakuuliza kama umechemsha maji. Basi. Hilo tu ndilo nililoweza.

Ulipoondoka mwaka jana, katikati ya kidato cha tatu, ulibeba mfuko wa shule kama kawaida. Hatukujua hadi jioni. Tulienda kwa shangazi yako Kariobangi, kwa wenzako wa shule, kituo cha polisi, hospitalini. Baba yako alikwenda peke yake chumba cha maiti, akarudi akasema hayupo, akalala siku mbili. Kisha barua yako ikafika kazini kwake. Mistari miwili: uko mzima, tusikutafute. Anaiweka ndani ya Biblia na haniruhusu kuishika. Anasema iliandikwa kwake.

Mimi nilikutafuta. Mteja wangu mmoja alisema amesukwa nywele na msichana anayefanana nawe, Eastleigh, First Avenue, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mapazia. Nilienda saluni kwa saluni. Kila mlango niliuliza, nikaeleza kovu lako la kidevuni. Wiki ya tatu nikafika penyewe. Mwenye saluni, mama wa Kisomali mwenye sauti ya upole, alinipa kiti na chai ya maziwa. Akaniambia ulifanya kazi pale miezi saba, mikono yako ni mizuri, wateja walikupenda. Akaniambia uliondoka siku tisa kabla. Kuna msichana wa saluni jirani alikuja kukueleza kwamba kuna mama mmoja anazunguka akikuuliza, ukakusanya vitu vyako mchana uleule.

Kumbe nilikuwa nakufukuza. Kila mlango niliobisha ulikuwa unakusogeza mbali.

Pale sakafuni kulikuwa na paka mweupe amelala juu ya nywele zilizofagiwa. Nikauliza anaitwa nani, kwa matumaini gani sijui. Mwenye saluni akasema hana jina. Wasichana walikuomba umpe, ukawaambia wewe huwapi paka majina.

Nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta. Nilikuwa nimekaa miaka nikihesabu nilivyokuvunja: kiatu, gunia, yale maneno matatu. Hilo sikuwa nimelihesabu.

Nimewaambia watu, Nafula. Nimemwambia baba yako kwanza, kuhusu kifua cha mtoto na sikio langu. Hakunipiga wala hakunifukuza. Alitoka akakaa uani, aliporudi akauliza, "Na huyo mtoto umemwacha abebe hayo peke yake?" Sasa tunakula meza moja na hatuongei sana. Nimemwambia Mama Zuhura. Nimewaandikia shangazi zako Bungoma, wote, kwamba hukumwua ndugu yako, kwamba wewe ndiye uliyemkimbiza hospitali na mimi ndiye niliyemwacha akiwa mgonjwa. Mmoja amejibu kwa matusi. Ni haki yake.

Sikuombi urudi. Nimejifunza kuogopa kuomba. Nikisema nisamehe nitakuwa nakupa mzigo mwingine, na mgongo wako umebeba vya kutosha. Nataka tu ujue kwamba siku zile mbili hukukosea kitu chochote. Hukukosea mchana kwa mtoto, na hukukosea uani kwa paka. Kama kuna mtu aliyemlilia ndugu yako kwa njia iliyo sawa katika nyumba hii, ni wewe.

Sitazunguka Eastleigh tena. Sitamtuma mtu. Barua hii nitamwachia yule mama wa saluni, na nakala moja itakuwa kwa Mama Zuhura.

Lakini sikiliza. Kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nitakuwa nimekaa kwenye maduka ya Buruburu, kwenye ngazi za duka la viatu, nimejifunga leso ya njano ili unione kutoka mbali na uamue mwenyewe. Nimekwisha kaa Jumamosi tatu. Ukitaka kupita ng'ambo ya barabara bila kunisalimu, pita. Sitainuka, sitakuita, sitakufuata. Acha nikuone ukitembea tu, nijue una viatu miguuni na hujakonda, nirudi nimwambie baba yako.

Hata ukipita mara moja tu. Hata ukipita haraka.

Ni mimi,
Mama yako